Duara Jekundu Kwenye Boma Letu

Mwenye barua hii ameomba jina lake lisitokee. Msomeni kwa upole.

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nimeolewa upande wa Naro Moru, na nina mtoto mmoja, msichana wa miezi minne. Mhariri anisamehe kwa mwandiko, naandika huku nimempakata mtoto. Haya sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Nafanya kazi mjini Nyeri, katika ofisi ya mradi mmoja wa afya karibu na Majengo. Tunatengeneza ramani kwa kompyuta. Nesi wetu huzunguka vijijini akitembelea wagonjwa wa ukimwi, hata wapya anaopewa na hospitali, na kila boma analofika husoma namba kwenye kile chombo kinachowasiliana na setilaiti. Akirudi ananipa namba zile, naziingiza kwenye kompyuta, na mahali penyewe panatokea kwenye skrini. Hapo mimi naweka alama. Majina hatuandiki, na tuliapishwa tusiulizane ni nani. Alama nilichagua mwenyewe. Programu ilikuja na vichoro vya ndege, hema, kanisa na hata mtu anayeteleza kwenye theluji, lakini ya mgonjwa haikuwako. Msalaba niliukataa, niliona ni kama ninawachimbia watu kaburi wakiwa hai. Nikachagua pembetatu kwa wanaume na duara kwa wanawake, zote nyekundu. Niliionea fahari sana ramani ile.

Mwezi huu nilikuwa naingiza namba huku natafuna njugu, duara moja likatua mahali ninapopajua. Kona ya mto, daraja la mbao, njia ya kuingia kwetu. Nilifuta nikaingiza namba upya, nikidhani nimekosea tarakimu. Duara likarudi palepale, kwenye boma la baba mkwe wangu marehemu.

Boma letu lina nyumba tatu, maana huku kwetu vijana hujenga kwa baba yao. Kuna ya mama mkwe, ya shemeji yangu na mkewe, na yetu. Wanawake ni sisi watatu. Njugu niliziacha mezani. Nilisahau kiapo, nikamwendea nesi.

"Sista, hii namba ulichukulia wapi?"

"Kwa gate. Mimi siwezi simama kwa mlango ya mgonjwa, majirani wataanza kuongea ati ni nyumba fulani. Na hiyo machine nayo inaweza kosea hata mita mia."

"Kwa hivyo inaweza kuwa boma ingine?"

Alinitazama, kisha akashusha macho. "Wewe enda nyumbani mapema leo. Unakaa umechoka."

Huyo ni mtu anayegombeza watu wakichelewa kidogo tu kutoka chai. Tangu lini akanihurumia?

Nilianza kuwachunguza wenzangu, na naona aibu kusema. Mama mkwe akikohoa, nasema ni yeye. Mke wa shemeji amekonda siku hizi, nikasema basi ni huyu, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimpikia chai kwa huruma ya uongo.

Mume wangu huuza mchele anaotoa Wang'uru, na wakati mwingine hulala huko. Jumapili iliyopita alirudi na machungwa na makopo ya maziwa ya unga. Akaniambia mbele ya mama yake, "Mama Njoki, huyu mtoto tumwachishe titi. Hii kazi ya Nyeri inakuchokesha sana."

Mama mkwe aliruka. "Mtoto ya miezi minne? Ati aachishwe? Wewe uko na wazimu?"

Mume wangu alimshika mkono, wakaenda nyuma ya zizi. Waliporudi, mama hakubisha tena. Aliingia jikoni akachemsha maji ya maziwa yale yeye mwenyewe. Nilipoinua mtungi kwenda mtoni, alininyang'anya bila kunitazama usoni. Tangu nije katika boma hili, mama huyu hajawahi kunibebea hata kijiko.

Ndipo nikakumbuka hospitali nilipojifungua. Walinitoa damu, nikauliza ni ya nini, nikaambiwa majibu atachukua mume wangu. Sikuuliza tena, nilikuwa na furaha ya mtoto. Wasomaji, mimi sijawahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya huyu aliyenioa kanisani.

Nikimwuliza mume wangu, atajua nimetoa siri ya ramani, na kazi itaenda. Tena kama duara ni la mke wa shemeji, nitakuwa nimemwanika mtoto wa watu. Jana niliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Lakini boma likitoka kwenye ramani, nesi hatatumwa tena na dawa, na mgonjwa yupo, awe yule au mimi. Nikaliacha. Hivi karibuni ramani itatundikwa ukutani ofisini, na mimi ndiye nitakayeishikilia ikigongewa misumari.

Nyumbani kila mtu ananiongelesha polepole. Naogopa huo wema kuliko matusi.

Nimeandika barua hii kwa vipande kwa sababu Njoki hanyamazi. Kopo amelikataa tangu asubuhi, anageuza uso akitafuta kifua changu. Maziwa yananichuruzika hadi blauzi imelowa, na sijui kama yana chakula tu au na ule ugonjwa. Ninyi mnaojua, nishaurini upesi, mtoto analia. Nimpe au nisimpe?