Mpini wa Mwenye Homa

Mume wangu alikuwa Mmalei, mhandisi wa mabomba ya mafuta, na Kiswahili chake alikiokota bandarini Mombasa kabla hatujahamia Houston. Mama yangu alimpenda kuliko anavyowapenda wanawe wa kuzaa. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mama mkwe mbaya.

Saratani ya ini ilipomwangusha mume wangu, mama alipanda ndege akaja kutusaidia, nyumbani kwetu Missouri City, kitongoji cha Houston. Mimi ni muuguzi, na bima iliyomlipia matibabu ilitoka kwenye kazi yangu, kwa hiyo zamu sikuweza kuziacha. Kwetu Taita, mama mkwe haingii chumba cha mkwe wake hata awe mahututi. Mama aliacha uji mlangoni, akamwombea akiwa amesimama kwenye korido, kisha akarudi kuketi sebuleni. Na sebuleni ndiko lilikotundikwa jambia.

Lilikuwa la babu wa mume wangu, kisha la baba yake. Wamalei huliita keris. Chuma chake kimepindapinda, na karibu na mpini kimechorwa visanduku vya mraba vyenye herufi na tarakimu za Kiarabu, na jina la Mungu katikati. Ni kinga ya mwenye kulishika. Mpini ulikuwa wa mti mweusi, umechongwa mtu aliyejikunyata, kichwa chini, mikono imekumbatia tumbo. Kwao mchongo ule huitwa mtu mwenye homa. Baba yake alikufa amelishika, na yeye aliniomba jambo moja tu, kwamba siku yake ikifika nimwekee mkononi.

"Huyu mtu ananiangalia," mama aliniambia wiki ya kwanza.

"Mama, ameinamisha kichwa. Atakuangaliaje?"

"Ndiyo maana. Anaona aibu kwa kazi anayoifanya humu ndani."

Nilicheka, wala sikuwa na sababu ya kutocheka. Lakini mama ametoka mahali ambapo mtu akiokoka, hirizi zake huletwa uwanjani pa kanisa zikachomwa moto watu wakiimba. Yeye hakuona urithi ukutani. Aliona mgonjwa wake anazidi kukonda, na aliona hirizi.

Siku moja nilitoka kazini nikakuta gari nisilolijua nje. Wanawake wawili wa maombi, Wakenya wenzetu, walikuwa wameendesha kutoka Arlington. Mama alikuwa akisali nao kwa simu bila mimi kujua. Mume wangu alikuwa amelala kwa dawa za maumivu. Uani, jiko la kuchomea nyama lilikuwa linafuka moshi, na ndani yake mpini ulishakuwa majivu. Chuma walikuwa wamekitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi waliyoyaombea.

"Dada, usi-panic," mmoja akaniambia akijifuta mikono. "Hiyo kitu ilikuwa na agano la mapepo. Tume-break kila kitu."

Nilikitoa chuma. Kutu ilikuwa imeanza kukila, na vile visanduku havikusomeka vizuri tena. Nikampigia mama kelele mbele za wageni, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Aliniacha nimalize.

"Nitukane," akasema, "lakini kampime kwanza."

Nikaenda kumpima. Homa iliyomkaa wiki nzima ilikuwa imeshuka. Mama akaangua wimbo palepale kwenye korido, na siku zilizofuata mume wangu alikula, akaketi, hata akamtania mama kutoka kitandani kwamba uji wake unaweza kuziba bomba linalovuja. Mimi ninajua homa ya ugonjwa ule hupanda na kushuka. Hata hivyo nilifurahi, na hasira yangu ikapoa kidogo.

Ndipo mume wangu akaomba jambia lake. Nilitaka kumdanganya kwamba limepelekwa kusafishwa. Mama akanikatalia.

"Nimelichoma mimi. Nitasema mimi."

Akavua viatu, akaingia chumba cha mkwe wake kwa mara ya kwanza, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia kila kitu. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Mama," akasema, "yule mtu alikuwa anaumwa badala yangu. Sasa nani ataumwa?"

Kisha akageukia ukuta. Usiku homa ikarudi, na haikushuka tena. Alipokata roho alikuwa ameshika kile chuma kitupu, nimekizungushia taulo pale palipokuwa na mpini ili kisimkate.

Mama alirudi Taita. Ndugu zangu wanasema siku hizi akiitwa kumwombea mgonjwa anakataa, na kanisani anakaa nyuma karibu na mlango.

Mwaka huu nilipata ujasiri wa kumuuliza dada wa mume wangu kwa simu kama kweli kwao huamini kwamba mtu wa mpini huugua kwa niaba ya mwenye jambia. Alishangaa. Hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Akasema kaka yake alipenda kutunga mambo, hasa akiwa ameumizwa.

Nilimpigia mama saa hiyo hiyo. Nilimweleza polepole, mara mbili, kwamba yale yalikuwa maneno ya mtu mwenye uchungu tu, kwamba saratani ndiyo iliyomuua, kwamba hana deni la damu na mtu yeyote. Nyuma yake nilisikia kuku wake uani.

"Mwanangu," akasema, "mambo kama hayo mwanamume hamwambii dada yake."