Gari la Maiti Lilipogoma Khayega

Walianza na jeneza. Mukhwana, mdogo wa marehemu, alilicharaza kwa fimbo ya mpera mara sita, akimkaripia kaka yake kama ng'ombe aliyelala njiani: "Cleophas! Shimo limechimbwa, wageni wamefika, unakataa nini?" Dereva Weldon akawasha tena. Injini ikazunguka, ikazunguka, isishike. Ndipo watu wakamgeukia mjane.

Hapa kila mtu anajua: gari la maiti likigoma njiani, kosa si la gari. Marehemu amekataa kwenda, na marehemu hakatai bure. Yupo aliyemkosea, na mara nyingi ndiye aliyeketi karibu naye, amevaa nguo nyeusi.

Ayuma alisikia mayowe akiwa chini ya pikapu ya mteja, ng'ambo ya barabara. Alikuwa fundi wa pekee wa kike sokoni, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu mwenye mabega ya mpasua mawe. Alisomea ufundi chuo cha Sigalagala katika darasa la wanaume watupu, akaolewa Ekero, na miaka saba baadaye akarudi kwao na meno mawili pungufu na sanduku la spana. Kule Ekero majirani walikuwa wakisikia kila kipigo, nao wakiongeza sauti ya redio. Kwa hiyo hakuuliza ni nani anayepigwa. Alichukua tochi akavuka.

Teresa, yule mjane, alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, jicho moja limeziba. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeng'olewa pamoja na nywele.

"Sema ulimlisha nini!"

"Alikuwa mgonjwa wa figo, mnajua—"

Teke la mbavu likamkatiza maneno. Pembeni, mwendesha boda boda aitwaye Elvis alikuwa akikinga petroli ya pikipiki yake kwenye chupa. Ayuma aliitazama ile chupa, akaelewa haikuwa ya safari.

"Niachieni hili gari dakika kumi," akasema.

"Fundi, hii si kazi ya spana," Mukhwana akamjibu.

"Nikishindwa mnichape na mimi. Fimbo mnazo nyingi."

Wawili watatu wakacheka, na kicheko hicho kikampa upenyo. Akaingiza kichwa dirishani. "Weldon, lilizimika likitembea?"

"Hapana. Nililizima mimi mwenyewe, ili soko limuage. Tangu mochari tumekuja mwendo wa jongoo, boda boda mbele zinapiga honi."

"Washa nione."

Injini ikazunguka, lakini kwenye dashibodi sindano ya kuonyesha mizunguko yake ikalala pale pale kwenye sufuri. Ayuma akajua. Chini ya injini huwa na sensa, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, ili itoe mafuta na cheche. Kikichakaa, joto hukilaza, kikipoa, huamka. Mwendo wa heshima ulikuwa umekipika.

Akanyakua jagi la maji kwa muuza mboga, akajitupa uvunguni. Mtu akamshika kifundo cha mguu kumvuta. Changarawe ikamchuna mgongo, fimbo ikatua kwenye muundi. Akarusha teke la mguu wa pili, likakutana na pua ya mtu, mguu ukaachiliwa. Akaimwagia sensa maji polepole mpaka yakaisha.

"Washa!"

Injini ikanguruma. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Mmeona?" Mukhwana akapaza sauti. "Amekubali! Kichapo cha mkewe kimemfikia! Ongezeni, asije akabadili nia!"

Kule chini Ayuma akatambua kosa lake. Alikuwa amewapa ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Teresa akalia mara moja, kilio kifupi cha mtu asiye na pumzi. Ayuma akaishika plagi ya waya wa sensa, akaichomoa. Injini ikafa.

"Amekataa tena!"

"Hakuna aliyekataa!" Ayuma akafoka. "Nimechomoa waya! Weldon, washa!" Akarudisha plagi, injini ikashika. Akachomoa, ikafa. Akarudisha, Weldon akawasha tena, ikanguruma. "Nani anataka kumwona huyu marehemu anayeishi ndani ya plagi? Ainame!"

Mukhwana hakuinama. Mkono wa kushoto wa Ayuma ulikuwa umetokeza nje, umejishikiza kwenye changarawe. Mukhwana akaukanyaga kwa kisigino cha buti. Vidole viwili vikaalika kama vijiti vya kuwashia moto, na yowe la Ayuma likaupita mngurumo wa injini. Injini haikuzimika.

Elvis ndiye aliyeinama. Alichungulia uvunguni, chupa ingali mkononi, akamwona fundi ameushikilia waya kwa mkono uliobaki mzima. Akainuka polepole.

"Ni waya tu, jamani." "Ni waya." Akaenda kuirudisha petroli ndani ya tangi. Fimbo ya Mukhwana ilibaki juu, lakini hakuna mwingine aliyeinua yake.

Ayuma akatoka, amekumbatia mkono. Akamwinua Teresa, akamketisha mbele karibu na Weldon, yeye akabana mlangoni na dumu la maji miguuni.

"Kitu hiki kitapata joto tena kabla hatujafika," akamwambia Mukhwana. "Mkono wangu umeuvunja. Utaingia wewe."

Na watu wa kanisa walipolisimamisha gari njiani ili wamwombee marehemu, Weldon akazima injini, nalo likagoma tena. Umati ukashuka kwenye boda boda na fimbo zake, ukalizunguka gari. Mukhwana akavua koti la suti, akalala kwenye tope, akajisukuma uvunguni mpaka ikabaki miguu tu nje. Watu wote wakaitazama ile miguu.

Teresa akateremsha kioo. Midomo yake ilikuwa imevimba, ikabidi aseme polepole.

"Mwagia vizuri, shemeji. Ndugu yako asije akakataa tena."