Mama Alipokataa Boti ya Mkwe

Daraja letu la Mto Sio lilipobebwa na mafuriko, watu wakajiundia boti za mapipa: mapipa ya plastiki yamefungwa pamoja kwa kamba, mbao zikapigiliwa juu. Zilikuwa mbili, kazi ya fundi mmoja, hata rangi moja. Tofauti ni kwamba moja ilikuwa ya mume wangu.

Asubuhi hiyo pumu ilimshika mama yangu vibaya. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha, na hospitali iko ng'ambo, Busia. Tulimleta mtoni kwa bodaboda, mimi nikimshikilia kwa nyuma. Boti ya mume wangu ilikuwa papo hapo, tupu. Ile nyingine ilikuwa ng'ambo ikipakia.

Mama akagoma kupanda.

Kwetu mama na mkwe wake hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja. Na boti zile ni ndogo jamani; angelazwa pale pale mume wangu anaposimama akisukuma kwa mti. Mume wangu alishajitenga, ameinamisha uso. Akaniita mimi, maana na mama haongei moja kwa moja.

"Mwambie mama nitampa mgongo mpaka tufike."

Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Mama, utakufa na hiyo heshima yako!" Nilimfokea, ndiyo, mbele ya watu.

Akanishika leso, akavuta pumzi kwa shida. "Nilale miguuni pa mkwe wangu, mimi? Watu watasema nini? Ita ile ingine."

Tukaipigia kelele. Mwenyewe akatuonyesha kwa mkono: ngojeni. Anapakia mahindi. Magunia, Mungu wangu! Mume wangu alizunguka ukingoni kama kuku anayetaka kutaga. Mbona hakumbeba tu kwa nguvu? Hasira hiyo ninayo hadi leo, na najua hangeweza.

Boti ilipofika, midomo ya mama ilishageuka rangi. Tukampandisha. Katikati ya mto akaacha kukorota, nikadhani amepata nafuu. Kumbe ameenda.

Mwenye boti alitushusha ng'ambo, akakataa kuturudisha. Alisema maiti itamfukuzia wateja. Basi mume wangu akavuka kutufuata. Safari hii hakukuwa na wa kugoma. Alisukuma bila kugeuka, na kila boti ilipoyumba, kisigino chake kiligusa kichwa cha mama.