Ik kom uit Iringa

Mwaka 1955, kipupwe, nilikuwa na miaka ishirini na tisa na ujane wa mwaka mmoja na miezi tisa. Mume wangu, fundi seremala, alifariki Ijumaa tarehe 9 Oktoba 1953, akaniacha katika nyumba aliyoijenga mwenyewe kwenye kilima cha Wasafwa juu ya Mbeya, pamoja na binti mmoja na shamba la viazi na njegere. Mimi ni Mhehe, mzaliwa wa Kihesa, Iringa.

Kaka yake mkubwa alitaka kunirithi. Nilikataa, kwa kuwa alikuwa na mke na mimi nilikuwa Mkristo. Alipoona hivyo alitaka niondoke, ili nyumba na shamba virudi mikononi mwake. Hakuweza kunifukuza hivi hivi. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake: mjane akiulizwa atokako akataja kwa baba yake, amejiaga mwenyewe, na hakuna atakayemzuia. Basi shemeji yangu aliniuliza kila alipopata nafasi. Aliniuliza kisimani, aliniuliza mlangoni pa kanisa.

“Shemeji, hivi wewe hasa unatoka wapi?”

“Natoka kupalilia,” nilimjibu.

Mama mkwe wangu, mwenye ulimi mwepesi, hakuuliza. Yeye alinitania tu, kama Wahehe wanavyotaniwa kila mahali kwamba hula mbwa: “Mkwe, tangu uje hapa mbwa wa kilimani wamepungua.” Nami nilimjibu kwamba waliobaki wamekonda, nasubiri wanenepe.

Mwezi wa Julai nilipata kazi ya kufua na kupiga pasi kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa akiijengea misheni shule. Mkewe alipogundua kwamba sikujua kusoma alishangaa, akanitengea saa moja kila alasiri baada ya kazi. Kufikia Septemba nilisoma Kiswahili bila kunyooshewa kidole. Ndipo nilipomwomba anifundishe na lugha yao. Nilichoka kupiga pasi katikati ya mazungumzo nisiyoyaelewa.

Alianza na ramani iliyotundikwa jikoni. Alitaja nchi, kisha mtu wa nchi hiyo, nami niliandika katika daftari. *Nederland, Nederlander. Duitsland, Duitser*: hao baba yangu aliwakumbuka vizuri kuliko alivyotaka. *Italië, Italiaan*, kama mapadre wa utotoni mwangu. *Griekenland, Griek*, nikawaona Wagiriki wa mashamba ya tumbaku kule Iringa, ambao sikuwahi kujua kwamba nchi yao ni ndogo kiasi kile na imekatikakatika baharini. Nilimwuliza Mhehe anaitwaje. Alifikiri, akacheka, akasema kwao hakuna aliyewahi kuhitaji neno hilo.

Kisha alinifundisha swali: *Waar komt u vandaan?* Unatoka wapi? Na jibu nililiandika kwa mwandiko wangu bora: *Ik kom uit Iringa.* Natoka Iringa.

Karibu miaka miwili nilikuwa nimejilinda nisilitamke jibu hilo. Kwa Kiholanzi nilijiona sijasema.

Chini yake aliniandikia mfano wake mwenyewe: *Ik ben geboren in België. Ik ben Nederlandse.* Amezaliwa Ubelgiji. Yeye ni Mholanzi. Nilimwuliza inawezekanaje. Alinionyesha hati yake ya kusafiria, akaeleza kwamba alipoolewa aliandikwa nchi ya mumewe.

“Na bwana akifariki?”

“Nitabaki Mholanzi. Hawataniuliza tena.”

Mwezi wa Februari 1956 shemeji aliingia nyumbani kwangu nikiwa kazini, akalikuta daftari juu ya meza. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Kiholanzi hakukijua, lakini neno Iringa alilijua. Alilichukua, akanishitaki kwa jumbe.

Mama wa Kiholanzi aliposikia alitaka kuja barazani kunisemea. Nilimshukuru, nikamwomba asije. Sikutaka kubakizwa kwangu na mgeni.

Baraza lilikaa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, mvua ikinyesha. Shemeji aliliinua daftari ili wazee wote walione.

“Shemeji, hili ni lako?”

“Ni langu.”

“Na mwandiko?”

“Wangu. Nimeusomea.”

“Waambie wazee umeandika nini hapa.”

Ningeweza kuwaambia ni bei ya viazi. Hapakuwa na wa kunibishia. Nilisema, “Nimeandika kwamba natoka Iringa. Ni kweli.”

Wazee walinung’unika. Shemeji alikaa, kama mtu aliyemaliza kazi. Nilimwomba jumbe ruhusa ya kusoma mstari unaofuata, nikausoma kwa Kiholanzi, nikaufasiri, nikaeleza habari ya yule mama na hati yake.

“Kumbe na Wazungu wana wakwe,” alisema jumbe, na watu wakacheka.

“Hayo ni ya Wazungu,” shemeji alisema. “Sisi tuna yetu. Aliyetaja kwao amejiaga.”

Hapo mama mkwe wangu alisimama. Nilijua mwanawe alimtegemea, nami sikumtazama.

“Mwanangu,” alisema, “mimi nilizaliwa wapi?”

Shemeji alimtazama jumbe.

“Nakuuliza. Nilizaliwa wapi?”

“Usangu, mama.”

“Usangu. Nimelitaja mara ngapi nyumbani kwangu? Kila nikikumbuka samaki wa huko nalitaja. Baba yako amekufa nikiwa na mdogo wako mgongoni. Mbona hujaniambia nimejiaga? Nifunge mzigo leo, au unisubiri mvua ikatike?”

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee mmoja wa ukoo alisema desturi humtaka mjane aulizwe mbele ya watu, naye ajibu mbele ya watu. Kilichoandikwa jikoni kwa wenyewe si jibu. Jumbe alinigeukia, akaniuliza, kwa mara ya kwanza kwa haki, natoka wapi.

“Nimezaliwa Kihesa,” nilisema. “Natoka nyumbani kwangu, pale juu, kwenye mlango wa mninga.”

Jumbe alilikubali jibu hilo, na karani wake akaandika kwamba mjane ataikalia nyumba na kulilima shamba, bila kurithiwa, maisha yake yote, na baada yake binti yake. Alinisogezea kidau cha wino kwa ajili ya kidole gumba. Nilimwomba kalamu. Nilitia sahihi, yeye akaandika tarehe, na kwa kuwa daftari lilikuwa limetolewa kama ushahidi, aliligonga muhuri wa baraza kabla ya kunirudishia. Muhuri uliangukia juu ya *Griekenland*.

Mama mkwe wangu alinisubiri nje chini ya mwavuli. “Twende,” alisema. “Mbwa wako watalowa.”