Ngitili ya Mzee Masunga Imeitwa Ardhi Tupu

Leo nimeona malisho yakigeuzwa viwanja kwa sababu ng'ombe hawakuwemo.

Tulikuwa ukumbini kijijini Sapiwi, wataalamu wa ardhi wakitambulisha ramani ya matumizi ya ardhi itakayowekwa mtandaoni. Ngitili ya mzee Masunga imeandikwa "ardhi tupu, inafaa kwa makazi".

Kwa msiojua, ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi.

"Mzee, tulipopita hatukukuta ng'ombe," mtaalamu mmoja akasema.

"Ndiyo ngitili yenyewe, mwanangu!"

"Basi waingize wiki hii, tupige picha, turekebishe."

"Nikiwaingiza sasa, kiangazi watakula ramani yako?"

Ukumbi ukacheka. Mtaalamu naye akacheka.

Kisha ramani ikapitishwa vilevile ilivyo.

Haya, kwenu mmeandikwaje? Kaangalieni kabla hamjapimiwa viwanja.