Pikap ya Kanisa na Safari ya Mwisho ya Mama Faida

Ninyi mliobaki Uvira mmekuwa mkipiga simu kuuliza namna Mama Faida alivyotutoka, na kila mmoja amesikia kipande chake. Wengine wameambiwa aliuawa na gari. Wengine wameambiwa madaktari wa Lilongwe walimkataa kwa sababu ni mkimbizi. Mimi nilikuwa ndani ya gari lile, kutoka kambini Dzaleka hadi mjini na kurudi. Acheni niwasimulie njia yote jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi ile sikuwa nimenawa hata uso Zakaria aliponiita mlangoni. Mnamkumbuka, kifungua mimba wa Mama Faida, yule mrefu. Hapa kambini ndiye dereva wa pikap ya kanisa letu, gari kuukuu la dizeli linalobeba mahindi, viti vya harusi, majeneza na wagonjwa. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari. Niliifanya mjini, mtaa wa Kawale, mpaka tuliporudishwa kambini wakimbizi wote.

"Kaka Elia, mama iko mubaya," akasema. "Tumbo imevimba kama ngoma. Bale ba kliniki banasema apelekwe Lilongwe, bamupasue. Ambulansi haiko."

"Na gari yenu?"

Akaangalia chini. "Inatembea. Ila siku hizi inazimikaka yenyewe kidogo. Njo maana nimekuja kwako. Twende wote."

Nikachukua mfuko wangu: koleo, bisibisi, utepe mweusi, na taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye nyaya mbili ambayo huwaka ikigusa penye umeme.

Mama Faida alikuwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikap, chini ya turubai. Jirani yake Mama Rehema, mshonaji mwenzake, alikaa kando yake akimshika mkono. Uso wa mgonjwa ulikuwa umepauka kama majivu, lakini macho yake yalinitambua.

"Elia, na we unakuja?" akaniuliza. "Basi mi niko mugonjwa kweli."

Alitaka kucheka. Maumivu yakamkatiza.

Kwenye njia ya vumbi ya kutokea kambini, gari lilipoingia katika shimo, injini ilikata. Gari lililoishiwa dizeli huhema kwanza, hukohoa, ndipo linakufa. Hili lilinyamaza ghafla, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo. Zakaria akapiga ngumi kwenye dashibodi, akajaribu tena, likawaka.

"Huo ni umeme," nikamwambia. "Simama nifungue boneti."

"Apana, kaka. Imeshawaka. Unasikia mama."

Nilimsikia. Alikuwa akiugua kwa sauti ya chini isiyokatika. Tukaendelea.

Baada ya kushika barabara kuu ya kwenda Lilongwe, kabla ya kufika Lumbadzi, likakata tena. Safari hii ngumi hazikusaidia kitu. Likajikokota hadi kando ya barabara, likasimama juani. Zakaria alizungusha ufunguo mara nyingi. Starta ilizunguka kwa nguvu, maana yake betri ilikuwa nzima, lakini injini haikushika.

Mama Rehema akashuka, akavua kitenge chake cha juu, akaanza kuwapungia wenye magari. Lori la marobota ya tumbaku lilipiga honi, likapita. Mabasi madogo yalipita yakiwa yamejaa. Mtu wa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, alisimama, akachungulia chini ya turubai, akatikisa kichwa. Angembebaje mtu aliye katika hali ile?

Nikafungua boneti. Niliibana pampu ya mkono, ikawa ngumu, dizeli ilikuwepo. Fyuzi nilizitoa moja moja nikazitazama juani, zote nzima. Kwenye pampu ya dizeli ya magari kama lile kuna vali ndogo inayofunguliwa na umeme, na waya mmoja tu ndio unaoilisha. Umeme ukikatika, vali inajifunga, dizeli haipiti. Nikamwambia Zakaria awashe ufunguo, nikagusa waya ule kwa taa yangu. Giza. Nikaushika mkungu wote wa nyaya pale unapopenya bati la kutenga injini na chumba cha dereva, nikautikisa. Taa ikakonyeza, ikazimika.

Waya ulikuwa umekatika humo ndani, mahali nisipoweza kufika bila kuvua dashibodi nzima.

Nyuma, Mama Faida aliita, "Zakaria." Hakuita kwa nguvu. "Zakaria, baba, usilie. Mi ningali niko."

Nilichomoa nyaya za spika ya redio, nikaziunga zikawa ndefu, nikazivuta kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye vali. Nilipogusisha, vali ililia "tak". Ni mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti. Nikapiga kelele, "Washa!" Injini ikashika. Nikafunga kwa utepe, nikamwonya Zakaria kwamba sasa ufunguo hauwezi kuizima. Itazimwa kwa kuvuta waya tu.

Kwenye kizuizi cha polisi tuliamriwa kuzima injini. Zakaria akaeleza kwa Kichewa chake cha kubabaika kwamba haiwezekani. Askari akakasirika, akazunguka nyuma, akainua turubai. Alikaa pale muda wa kutosha kumwona Mama Faida uso. Hakuuliza karatasi zetu. Aliinua kile kizuizi kwa mikono yake mwenyewe, akatupungia twende.

Jua likiwa utosini tulifika hospitali kubwa. Walimpokea, semeni hivyo kwa yeyote atakayewaambia alikataliwa. Walimweka kwenye kitanda cha magurudumu wakakimbia naye ukumbini, na Zakaria akawafuata mbio, mlango wa gari akauacha wazi na injini ikiunguruma. Nikavuta waya. Ule ukimya uliofuata sikuupenda.

Alasiri daktari kijana alitoka, akatuita kando. Alisema kwa Kiingereza cha polepole, nami nikawatafsiria wenzangu. Utumbo ulikuwa umejisokota. Walipomfungua walikuta sehemu kubwa imekwisha kuwa nyeusi, na sumu imeenea mwilini. Moyo wake ulisimama mezani.

Nikamuuliza, "Kama tungefika asubuhi mapema?"

Akajibu, "Saa chache zingeweza kusaidia kidogo, au zisisaidie. Siwezi kukuambia. Lakini hili lilianza siku nyingi. Hakulalamika?"

Mama Rehema akakaa chini sakafuni. "Alikuwa anajikaza," akasema. "Alikuwa anashona sare za kwaya. Anafunga kitenge kwa nguvu tumboni, anasema ni gesi. Mi nilimwambia aende kliniki, ananiambia Jumatatu."

Zakaria alikuwa bado ameshika viatu vya mama yake, vile vya plastiki, alivyopewa na muuguzi.

Jioni tulikwenda Kawale, kwa Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri. Huyu ni Mmalawi ambaye nilifanya kazi katika uwanja wake wa magari miaka yote niliyoishi mjini, na Kiswahili alikiokota Mbeya alikokuwa akifuata vipuri. Alipotuona hakuuliza. Aliweka mikono yote miwili juu ya mikono ya Zakaria. "Pepani," akasema. "Pole sana, achimwene. Ndugu yangu, pole." Mkewe alitupikia nsima, ndiyo ugali wa huku, na mboga ya maboga. Mama Rehema peke yake ndiye aliyekula, naye alikula akilia.

Asubuhi iliyofuata ilibidi gari litengenezwe kabla ya kwenda kuchukua mwili. Sikutaka kubeba jeneza kwa nyaya za redio. Phiri nami tukavua dashibodi, tukautoa mkungu wa nyaya uwanjani, tukalipasua gamba lake. Pale penye tundu la bati palitakiwa kuwe na mpira wa kuzuia nyaya zisisuguliwe. Mpira haukuwepo. Bati lilikuwa limekula plastiki ya waya kama kisu. Na kulikuwa na kitu kingine: mtu alikwisha kuukuta waya ule umekatika, akausokota kwa vidole, akaufunga kwa kipande cha mfuko wa sukari. Mfuko ulikuwa umeyeyuka, shaba imekuwa kijani.

Phiri akacheka kwa masikitiko, kama mafundi tunavyocheka. "Sasa huyu ni mjinga gani alifunga hivi?"

Nilikuwa nimeshaona uso wa Zakaria. Nilimkanyaga Phiri mguu, nikawa nimechelewa.

"Ni mi," Zakaria akasema.

Mtaa mzima wa Kawale ulikuwa unapiga kelele nje ya ukuta, wauza nyanya na makondakta, lakini pale uwanjani nilisikia mafuta yakidondoka kwenye sinia.

"Ilikufa kule Dowa, niko na mifuko ya mahindi," akaeleza. "Nilisema nitakuja kwako kesho. Ikawa inatembea tu, nikaacha." Kisha akanigeukia. "Kaka, uniambie kweli. Hii njo ilimuua mama?"

Nilitamani kumwambia hapana. Neno lilikuwa jepesi, na Phiri alikuwa ananitazama akitaka nilitoe. Lakini Zakaria alimsikia daktari kama nilivyomsikia mimi, na uongo wangu angeubeba siku mbili tu kabla ya kuujua.

"Waya ulitupotezea muda barabarani," nikamwambia. "Ugonjwa ulikuwa umemshika kabla, na yeye mwenyewe aliuficha. Hayo mawili ninayajua. Lipi lilizidi, sijui, na hata daktari hajui."

Alikaa akiutazama ule mfuko ulioyeyuka. Akanyoosha mkono. "Nipatie koleo."

Phiri alitaka kumzuia. Nikamwashiria amwache. Zakaria alikata shaba yote iliyooza mpaka akafika penye shaba nyekundu. Nikamwonyesha jinsi ya kumenya plastiki bila kukata nyuzi, jinsi ya kuunga waya mpya, na jinsi ya kuyeyusha risasi ya kulehemu iingie katikati ya nyuzi, isikae juu tu. Phiri alichonga mpira mpya kutoka kwenye tairi la ndani, akauvalisha penye tundu. Zakaria aliunguza kidole, hakuacha. Tulipomaliza niligusa waya wa vali kwa taa yangu, nikautikisa mkungu kwa nguvu zangu zote. Taa iliwaka, haikukonyeza. Hakuna aliyefurahi.

Mchana tulitoka mochari na jeneza nyuma, chini ya turubai lile lile. Mama Rehema alikaa kando yake akaanza wimbo wa kwetu, ule wa kuvuka mto, akaurudia tena na tena sauti ikimkauka. Zakaria aliendesha mwenyewe. Nilimwomba nimsaidie, akakataa.

Baada ya Lumbadzi tulifika pale tulipokwama jana. Majani ya kando ya barabara yalikuwa bado yamelala kwa matairi yetu. Zakaria alipunguza mwendo, nami nikasikiliza injini kama ninavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Haikukohoa, haikutetereka, ilipita pale laini kabisa. Hapo ndipo alipolia. Alilia akiendesha, macho barabarani, akisema, "Inatembea, kaka. Angalia namna inatembea."

Kambini watu walikuwa wamejaa barabarani, Wabembe, Wafuliiru, Warundi, hata Wamalawi wa vijiji vya jirani aliowashonea nguo. Tulimzika kesho yake. Kwaya iliimba ikiwa imevaa zile sare. Mbili hazikuwa na mikono, kwa sababu alikuwa hajafika hapo.

Mkiniuliza nimerudi na nini kutoka safari ile, ni kidogo. Mtu anayejikaza asiachwe ajikaze peke yake. Akisema Jumatatu, mbebeni leo. Na gari la kubeba wagonjwa lisisubiriwe lizimike ndipo lifunguliwe. Haya kila mtu anayajua. Sisi pia tuliyajua.

Kuhusu Zakaria, msimseme vibaya huko. Hajashika usukani tena. Funguo alimrudishia mchungaji, na sasa anaendesha mtu mwingine. Lakini kila gari lile linapoitwa kwa mgonjwa, dereva hukuta boneti imeshafunguliwa na Zakaria ameinama ndani, akitikisa waya mmoja baada ya mwingine, na mgonjwa hapandishwi mpaka yeye aseme.