Jiko Linalopumua kwa Simu

Chisanga ameishi na Adalbert miaka ishirini na sita, na hajawahi kumwona akisonga bukari, ugali wa kwao, hata siku moja. Ndiyo maana alicheka mwezi wa tano, mwanaume huyo aliporudi kutoka kazini, stoo ya mgodi, akatangaza kwamba kuanzia leo yeye ndiye mlinzi wa jiko.

Alileta vitu viwili. Feni ya kunyonya moshi, inayowashwa kwa simu. Na kidude cheupe cha duara chenye betri yake, kazi yake kunusa hewa yenye sumu, kupiga kelele na kupeleka habari kwenye simu. Simu ya nani? Ya Adalbert! Mpishi huyu, simu ya yule, na yule mwenye simu hajui hata chumvi inakaa wapi.

"Jiko sasa itapumua yenyewe," alisema. "Ile matundu ya ukuta haina tena kazi. Inaingiza baridi na mavumbi tu."

Akakoroga saruji, akaziba matundu yote sita yaliyokuwa juu ya dirisha, ambayo marehemu baba yake, mtu wa reli, aliyaacha kwa akili zake alipojenga nyumba hiyo ya mtaa wa Katuba.

"Baba Falonne, na siku courant ya umeme banakata?" Chisanga aliuliza.

"Weye unaogopa maendeleo, Mama Falonne. Uliona wapi bazungu banatoboa ukuta?"

Kidude kilikuja kimevikwa nailoni, na nailoni haikuvuliwa. Kwa Adalbert kitu kipya hakivuliwi nguo. Makochi ya sebuleni yamevaa nailoni tangu ubatizo wa binti yao Falonne, na Falonne leo ni mke wa mtu.

"Mafuta ya samaki ya Pweto itaichafua," alisema, akakipangusa kwa leso.

Ikaja Jumapili moja ya mwezi wa sita, ile baridi ya kukausha midomo. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, feni inaning'inia kama popo aliyekufa. Adalbert alikwenda misa na suti yake, na simu yake, awaonyeshe wanaume wenzake jiko lake. Chisanga akawasha mbabula, jiko lake la makaa, nje, makaa yakakolea, akaenda kuchota maji kwa jirani yake Cathy.

Huku nyuma Mama Mwila, mama yake Adalbert, alisikia baridi. Akafanya wanavyofanya wazee wote wa mji huu: akaiingiza mbabula jikoni, akafunga mlango, akaketi karibu nayo.

Chisanga aliporudi hakuona mbabula, akaona mlango umefungwa. Akaita. Kimya. Akausukuma. Hakukuwa na moshi hata kidogo, maana makaa yaliyokolea yanaua bila moshi. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, kidevu kifuani. Na kidude? Kimya, ndani ya nailoni yake, kama bwana harusi.

"Cathy! Kuya mbio! Mama anakufa!"

Wakamkokota mpaka nje, wakamkimbiza dispensari kwa teksi. Muuguzi akamtia hewa ya chupa. Saa nzima Chisanga alishika mkono ule mkavu, na mwenye simu bado anaimba parokiani. Ndipo bibi akafumbua macho, akauliza kwa nini kichwa kinamgonga hivi.

Alasiri walikuwa wamerudi nyumbani, bibi kwenye kiti uani, amefunikwa blanketi. Adalbert, bado na suti, akainua simu mbele ya wanawake watatu.

"Lakini angalia! Inasema hewa iko muzuri."

"Hewa ya mu nailoni, ndiyo iko muzuri," alisema Cathy.

Chisanga aliinuka. Aliingia, akakibandua kidude ukutani, akairarua nailoni yake, akaja nacho uani na kukiinamisha juu ya mbabula, ambayo Cathy alikuwa ameitoa nje na kuiwasha upya. Hakikuchelewa. Kilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia, na simu mkononi mwa Adalbert ikalia nayo.

"Umesikia? Kidude yeye iko na akili," Chisanga alisema. "Atabakia. Mupumbafu ni mwingine."

Akampa mumewe nyundo na patasi.

"Toboa."

"Na suti?"

"Na suti."

Akapanda stuli pale uani, chini ya dirisha la jiko. Tundu la kwanza, la pili. Vumbi la saruji likampaka weupe mabegani kama mwokaji mikate. Alipomaliza la sita akataka kushuka, na sauti nyembamba ikatoka ndani ya blanketi.

"Baba yako aliacha sita. Weye, ongeza ya saba."